Gari la Nourdine Linakunywa

Kasongo, Jumatatu 9 Septemba 2024

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana nikiwa darasani. Ilipiga mabati mpaka watoto hawakusikia tena sauti yangu, nikawaacha waimbe. Mimi nikakaa mezani nikimfikiria mume wangu, Aristote, aliyekuwa njiani na gari kutoka Wamaza. Barabara ile ikilowa, tope linashika magurudumu kama gundi.

Amefika jioni, baada ya kurudisha gari kwa patroni wake, Nourdine, mfanyabiashara wa mchele na mafuta ya mawese. Gari lenyewe ni pikapu ya zamani, ya petroli, yenye kabureta. Nourdine aliinunua Kalemie na anaipenda kuliko wake zake wawili. Tangu katikati ya mwaka inakunywa petroli vibaya sana. Leo amemuuliza Aristote mbele ya wapakuzi: "Ni gari njo inakunywa esanse, ao ni shofere?" Watu wakacheka. Aristote amenisimulia huku anakula, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani. Nilimwambia angemjibu. Akasema, "Mama Laura, acha."

Mume wangu ni mpole. Siku nyingine upole wake unanichosha kama jino bovu.

Jumatano 11 Septemba

Mvua. Laura, binti yetu, anakohoa.

Jumanne 17 Septemba

Gari limerudi tena na tangi kavu. Sasa Nourdine amempa mlinzi wake, Asani, kazi ya kupima petroli kwa kijiti kila asubuhi. Asani! Mtu mwenye shingo ndefu na maneno machache, anayekaa na mkewe Feza na watoto wao katika chumba kimoja nyuma ya depo, ghala la Nourdine. Leo amekuwa bwana mkubwa wa tangi. Nilimwona akikiinua kijiti juani na kukitazama kama daktari. Aristote anasema Asani hana ubaya na mtu. Labda ni kwa sababu hajawahi kupewa kijiti.

Ijumaa 20 Septemba

Wamemkamata.

Nilikuwa nasahihisha kazi za wanafunzi, jirani akaja mbio. "Mama Laura, kimbia! Bwana yako iko chini ya fimbo kwa Nourdine!" Nilitoka bila viatu. Uani kulikuwa na watu wengi, wengine bado na kanzu za sala ya Ijumaa. Aristote alikuwa amekaa chini, shati limepasuka, mdomo unatoka damu, mwili mzima unanuka petroli. Nourdine alikuwa ameshika kipande cha mpira. Asani alisimama ukutani, anatetemeka.

"Sema tena," Nourdine alimwamuru.

"Nilitoka musikitini kabla ya watu wengine, homa ilinishika," Asani alisema. "Nikaingia hapa. Nikamuona Aristote amepiga magoti pembeni ya gari, mupira mu kinywa, bidoni ya esanse chini. Aliponiona, akaimwaga."

"Muongo!" nilipiga kelele.

Aristote alisema polepole kwamba alikuwa anapuliza mpira ulioziba kwa uchafu. Kwamba gari lilikuwa linakohoa tangu daraja la mwisho. Hakuna aliyemsikiliza. Walimpeleka kasho, chumba cha mahabusu, na Nourdine akasema atakaa huko mpaka aseme anamuuzia nani.

Asani hakuniangalia hata mara moja. Mtu mwenye ukweli anaangalia watu.

Jumapili 22 Septemba

Nimempelekea chakula badala ya kwenda misa. Wamempiga kwenye nyayo. Hawezi kusimama vizuri. Nilimwambia, "Baba Laura, niambie miye peke yangu. Ulichukua?" Akaushika mkono wangu kupitia nondo. "Naapa kwa kichwa ya Laura, sikuchukua hata tone."

Mtu haapi hivyo kwa kichwa cha mwanawe kama anaongopa. Nimerudi nyumbani nikiwa na nguvu za wanaume watatu.

Jumanne 24 Septemba

Nimeenda kwa Asani. Feza alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akanipa kiti. Sikukaa.

"Nani alikulipa?" nilimuuliza mumewe.

"Hakuna mutu, mwalimu."

"Basi ni wivu. Unataka usukani? Weye ambaye baiskeli inakushinda?"

"Miye nilisema kile niliona," alisema. Aliniangalia machoni safari hii, na macho yake yalikuwa ya njano kwa homa. Nilicheka. Nilicheka kwa sauti kubwa makusudi, wapakuzi wasikie, na nikamwambia hiyo homa ilikuwa imempanda mpaka kwenye macho. Feza aliacha kutwanga.

Ijumaa 27 Septemba

Mbele ya shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa wetu, na imamu, Asani ameapa kwa Msahafu kwamba aliona alichosema. Aliapa kwa sauti ndogo, mkono umetulia. Sasa mji mzima unaamini. Muuza chumvi amenipimia huku anashika mfuko wake.

Jumanne 1 Oktoba

Nimemwendea Gérard, fundi pekee mjini mwenye kipima umeme kinachofanya kazi. Hajanikaribisha, alikuwa amelala chini ya lori, nikazungumza na viatu vyake. Nilimweleza: moshi mweusi, harufu ya petroli hata gari likienda vizuri, plagi zinajaa masizi kila wiki. Aristote alikuwa amenitajia hayo yote.

Fundi akatoka chini ya lori.

"Kama iko vile, inaweza kuwa sonde," alisema.

Akanieleza. Magari mengi ya zamani ya kabureta hayana kitu hicho, lakini hili la Nourdine linacho: kidude kama plagi, kimefungwa kwenye bomba la moshi karibu na injini. Kinanusa moshi. Kikiona petroli imezidi, kinatuma umeme kidogo kwenye kisanduku, na kisanduku kinamwambia kabureta apunguze. Ikipungua, umeme unashuka, kabureta anaongeza. Sonde ikifa, kabureta anabaki kipofu.

"Basi kuja uipime," nikasema.

"Hapana, mwalimu. Nourdine ni mukiliya wangu, ananilipa. Sitaingia mu mambo yenu."

Nilimwambia, "Joël wako iko mu darasa yangu. Mwaka huu ni mutihani wa kumaliza."

Alijifuta mikono. "Utamwangusha mutoto juu ya sonde?"

"Ndiyo," nikasema. Ningefanya.

Jumanne 8 Oktoba

Mvua siku nzima. Nyayo za Aristote zimeoza kidogo. Wamenikataza kuingiza dawa.

Jumamosi 12 Oktoba

Leo nataka kuandika kila kitu, nisisahau hata kimoja.

Gérard alimshawishi Nourdine kwa kumwambia kwamba bila kipimo gari litakufa lote. Nourdine aliita shefu wa kartie. Mimi niliwaita watu wengine wote. Uani palijaa. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi na ardhi ilikuwa inafuka mvuke. Walimleta hata Aristote kutoka kasho, wakamkalisha kwenye gunia la mchele.

Kwanza Gérard aliwasha injini, akaliendesha gari mpaka sokoni na kurudi. "Sonde baridi haisemi kitu," alisema. "Ni moto ya moshi njo inaiamusha." Kisha akafungua boneti, injini ikiendelea kunguruma, akachuna kidogo ganda la waya mmoja uliotoka kwenye kidude kile, bila kuukata. Ncha nyekundu ya kipima umeme aliigusisha kwenye waya wa sonde, ncha nyeusi kwenye chuma cha injini. Kipima chenyewe alinipa mimi nikishike, Nourdine akiwa begani kwangu.

"Muangalie namba," Gérard alisema. "Sonde muzima inacheza. Inapanda karibu na moja, inashuka karibu na sufuri, inapanda tena, sawa vile mutu anapumua."

Namba ilikuwa karibu na sufuri. Haikucheza.

"Sasa namunyima hewa." Alifunga kwa mkono mlango wa hewa wa kabureta. Injini ilikabwa, ikatoa moshi mweusi mpaka watu wa nyuma wakakohoa. "Hapa esanse imezidi. Hata harufu munasikia. Namba ingeruka juu. Imeruka?"

"Hapana," Nourdine alisema.

Aliuachia mlango ule, akachomoa mpira mdogo wa hewa. Injini ikaanza kutikisika kama mtu mwenye baridi. "Hapa hewa imezidi. Namba ingeshuka. Lakini haina pa kushukia, iko chini tayari." Alirudisha mpira na kufunga tena mlango wa hewa, mara ya pili, mara ya tatu, ili kila mtu aone. Namba ililala palepale.

"Imekufa," alisema. "Na mubaya zaidi, imekufa chini. Kisanduku inafikiri motere iko na njaa, kila saa. Inaongeza esanse, inaongeza, inaongeza. Hii gari ingekumaliza mali, patroni, hata kama ingeendeshwa na malaika."

Watu walipiga kelele. Nilimtazama Aristote: alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanashuka puani. Nourdine alimuuliza Gérard, "Kwa hiyo shofere hakuiba?"

Gérard alikuwa anakunja nyaya zake. "Miye napima gari. Sipimi mutu."

Jibu la mtu anayeogopa pande zote mbili. Lakini hakuna aliyelihitaji tena. Shefu alisema Aristote aende nyumbani. Na mimi nilikuwa bado na kitu cha kusema.

Nilimwendea Asani pale ukutani, kipima umeme bado mkononi. "Hebu tukupime na weye. Kati ya macho yako na sonde, nini imekufa zaidi?"

Uwanja mzima ulicheka. Hata wake za Nourdine walicheka nyuma ya pazia. Nilimgusisha ncha nyekundu kwenye paji la uso, nikasoma namba: "Sufuri!" Wakacheka tena. Akaniacha nifanye. Aliposema, alisema kwa imamu, si kwangu: "Niliapa juu ya kile niliona."

Imamu aligeuza uso.

Usiku wa leo Aristote amelala kitandani mwake. Nimemkanda miguu kwa maji ya moto. Sijawahi kuwa na furaha kama hii.

Ijumaa 18 Oktoba

Gérard amepata sonde nyingine kwenye gari bovu lililolala miaka mingi nyuma ya nyumba ya masista. Kabla ya kuifunga ameipima kwa jiko lao la gesi. Aliishika kwa koleo, ncha yake ndani ya mwali wa bluu, nikaona namba inapanda taratibu mpaka karibu na moja. Akaitoa motoni, ikashuka. Akairudisha, ikapanda. "Hii inapumua," alisema. Nilipiga makofi kama mtoto.

Jumapili 20 Oktoba

Gari limeenda Wamaza na kurudi, na petroli imebaki kwenye tangi. Nourdine amekuja nyumbani kwetu na shefu, amemwomba Aristote msamaha mbele ya majirani na kumpa mbuzi. Aristote alishika kamba ya mbuzi kwa mikono miwili na kusema asante, patroni. Mimi nisingesema asante.

Jumatatu 21 Oktoba

Nourdine amemfukuza Asani. Dirisha la darasa langu linatazama barabara, kwa hiyo nimeona. Mvua ilikuwa inapiga kwa upande. Feza alibeba godoro kichwani, maji yakimtiririka kama kutoka kwenye sifongo, na mtoto wao mdogo mgongoni chini ya kipande cha plastiki. Asani alibeba sufuria na mlango. Ndiyo, mlango, aliutengeneza mwenyewe, akaung'oa. Walisimama chini ya paa la duka, mwenye duka akawafukuza kwa sababu watu wanasema aliyeapa uongo analeta laana.

Niliwaambia watoto wafungue ukurasa unaofuata.

Jumatano 30 Oktoba

Nyama leo. Laura amekula mpaka akalala mezani.

Ijumaa 8 Novemba

Wanasema msikitini hakuna anayetaka kupanga bega na Asani. Safu inaacha nafasi pande zake mbili. Amehamia Lusangi kuchimba dhahabu. Anakohoa tangu siku ile ya mvua; kifua hicho hakitamaliza msimu. Feza amebaki kwa kaka yake karibu na soko, anauza mchicha. Nilinunua kwa mwenzake wa pembeni, nikachagua polepole.

Alhamisi 14 Novemba

Mvua. Joël wa Gérard amepata alama nzuri. Amezistahili.

Jumamosi 23 Novemba, Wamaza

Shangazi yangu amefariki, nimekuja matangani kwa gari la Nourdine, mbele, karibu na mume wangu. Laura amebaki kwa jirani. Njiani kila mtu alimsalimia Aristote. Nilikuwa najiona malkia.

Kabla ya kufika, kuna kijiji kidogo chenye daraja la magogo. Gogo moja lilikuwa limeoza, Aristote akashuka kwenda kuzungumza na wanaume wanaolitengeneza. Mimi nilibaki garini. Mama mmoja kijana akaja dirishani, amevaa kitenge kizuri. Pembeni ya barabara kulikuwa na meza yake, chupa za petroli zimepangwa juu yake, zinang'aa juani kama asali.

"Weye njo Mama Laura?" aliuliza kwa furaha. "Shofere anakusifia siku zote. Miye ni Rachelle. Pole na matanga."

Nilimshukuru.

"Umwambie bidoni zake ziko hapa, tupu, zinamungoja. Juu ya nini ametusahau? Tangu wametengeneza ile kitu ya moshi, hatuoni tena esanse yake. Watu wa pikipiki wananisumbua, wanataka ile ya Aristote, haina maji."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nafikiri nilisema nitamwambia. Alinipa ndizi mbili za safari.

Nimezika shangazi. Wamenisifia kwa kulia vizuri.

Jumapili 24 Novemba

Nilingoja tuvuke daraja. Rachelle alitupungia mkono na Aristote akatazama mbele.

"Simamisha gari," nilimwambia.

Alisimamisha. Alizima injini. Pembeni ya barabara kulikuwa na mpunga mpaka msituni, umelala kwa mvua.

"Asani alikuona," nikasema.

Nilitaka akatae. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: angekataa, nadhani ningemshukuru.

"Aliniona," Aristote alisema.

"Gérard alipima. Namba ililala. Kipima nilikishika miye mwenyewe."

"Sonde ilikufa kweli. Miye nilijua kabla ya watu wote, tangu mwezi wa sita. Gari ilianza kunywa, patroni akaanza kulalamika, hakuna mutu alijua inakunywa ngapi. Nikasema: kama inakunywa pipa, nani ataona kikombe?"

"Uliapa kwa kichwa ya Laura."

"Ulitaka niape kwa nini? Ulikuja pale na macho yale."

"Na Asani?"

Alinigeukia. Sijawahi kumwona mume wangu na uso huo. Haukuwa mpole wala mkali, ulikuwa umechoka tu. "Nani alimupima na mashini mbele ya watu? Ni miye? Miye nilikuwa nimekaa juu ya gunia, nimenyamaza. Kama ungenyamaza na weye, Nourdine angesema gari ni mubovu, basi, kila mutu aende kwake. Asani angebaki na kazi yake."

"Nilikuwa nakutetea!"

"Nilikuomba?"

Nikamuuliza pesa amezipeleka wapi, kwa yule Rachelle? Alicheka kidogo. "Rachelle iko na bwana yake. Umezila weye, Mama Laura. Nyama uliyokula, viatu vya mutoto. Ulidhani mwalimu na shofere wanakula vile kila wiki? Uliniuliza siku moja?"

Aliwasha gari. Injini iliitika mara moja, safi, bila moshi.

Jumanne 26 Novemba

Mvua.

Alhamisi 28 Novemba

Mvua. Nimemchapa mtoto darasani kwa kosa dogo. Amenitazama kwa mshangao, nami nikamchapa tena.

Jumatatu 2 Desemba

Nimeenda kwa Nourdine. Alikuwa anahesabu magunia. Nilimwambia yote, nimesimama, haraka, kabla ulimi haujageuka.

Hakushangaa. Alifuta jasho shingoni. "Mwalimu, gari sasa inaenda vizuri ao hapana?"

"Inaenda."

"Shofere anaiba tena?"

"Hapana."

"Ataiba?"

"Sijui. Nadhani ataogopa."

"Basi niko na gari nzuri na shofere mwenye kuogopa. Nataka nini tena? Niliomba musamaha mbele ya kartie muzima, nikatoa na mbuzi. Unataka nirudi niseme nilidanganywa mara mbili? Asani amepata kazi Lusangi. Rudia nyumbani."

"Kule atakufa."

"Ulijua hiyo wakati ulimuwekea chuma usoni," Nourdine alisema. Akaendelea na magunia.

Jumatano 4 Desemba

Sokoni. Nilichuchumaa mbele ya mchicha wa Feza. Alidhani nimekuja kununua, akanyoosha fungu. Nilimwambia kwa sauti ndogo.

Alirudisha fungu chini, akalinyunyizia maji. "Nilijua," alisema. "Asani haongopi. Hata wakati ingetusaidia, haongopi. Nimeteseka na hiyo tangu aniowe."

"Nisamehe, dada."

"Juu ya nini unasema chinichini? Siku ile ulisema kwa nguvu. Hata wapakuzi walisikia, hata mutoto wangu alisikia, akaniuliza: mama, macho ya baba yamekufa?" Aliinua uso. "Unanipa huu ukweli kidogokidogo, mu sikio, sawa vile unanipa chumvi. Nifanye nao nini? Nipike?"

Wateja walikuja. Akawahudumia.

Ijumaa 6 Desemba

Nilimpeleka Laura kwa jirani kwanza.

Nilisimama barabarani, mbele ya mlango wa uani kwa Nourdine, pale wanapopita wote wakitoka kuswali. Mvua ilikuwa nyepesi. Aristote alikuwa ndani ya uwanja, anafuta kioo cha gari. Watu walipoanza kutoka, nilimwamkia imamu, kisha nikapaza sauti ile ya darasani, ya siku za mvua.

Nilisema: Asani aliona kweli na aliapa kweli. Mume wangu Aristote alikuwa anaiba petroli na kuiuza njia ya Wamaza, na ninamjua anayeinunua. Sonde ilikufa, na mtu aliiba, vyote viwili. Nilimcheka mtu wa haki mbele yenu, na ninyi mkacheka pamoja nami.

Sehemu ya mwisho hawakuipenda. Mzee mmoja alisema mwanamke huyu ana kichaa, kila mwezi ana ushahidi mpya. Nourdine alitoka, akaona watu wote wanamtazama, na ikabidi akasirike. Nilimwona akitafuta hasira yake kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Alipoipata, akaelekeza kidole kwa Aristote.

Mume wangu hakukimbia. Aliweka kitambaa juu ya boneti, akakikunja vizuri. Wa kwanza walipomfikia na fimbo, alikuwa ananitazama mimi. Hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga kelele, nikawaambia waache, nikamshika mmoja kanzu, akanisukuma nikaanguka topeni. Imamu ndiye aliyewazuia, baadaye, si mapema.

Jumapili 8 Desemba

Laura hataki kulala chumba kimoja nami.

Jumanne 10 Desemba

Nimempelekea Aristote chakula kasho, walikomrudisha Ijumaa ile. Jicho moja halifunguki. Nilidhani atakikataa. Alikula chote, taratibu, akanirudishia sahani kupitia nondo.

"Chumvi imepungua," alisema.



Jumamosi 14 Desemba

Asani amerudi kutoka Lusangi kwa pikipiki, kifua kinapiga filimbi. Jana msikitini watu waligombania kusimama karibu naye. Imamu ametangaza kwamba Asani amewasamehe wote waliomkosea, na wote wameitika amina. Nourdine amemrudishia kazi na chumba. Majirani wanakuja kunipongeza: umeona, mwalimu, mambo yameisha, umesamehewa. Mmoja ameniletea hata mayai.

Jumapili 15 Desemba

Asani amekuja nyumbani alasiri. Alipiga hodi kwa adabu, akavua viatu vyenye tope, lakini kiti nilichompa hakukikalia. Amekonda hata shingo yake inaonekana ndefu zaidi. Alisubiri kikohozi kimalize.

"Mwalimu, wamekuambia nimekusamehe?"

"Wameniambia. Asante, Asani. Asante sana."

"Imamu alisema vile mbele ya watu. Sikumukatalia, iko muzee. Lakini miye sikusema." Alizungumza bila hasira, kama siku ile alipoapa. "Bwana yako iko muizi, na muizi anaiba. Ye nimemuachia. Weye ulikuja kwangu nikiwa na homa, nikakuambia ukweli, ukaniangalia mu macho, ukacheka. Mutoto wangu alilala inje mu mvua mara nyingi. Sijakusamehe. Labda siku moja, sijui. Niliona afazali usikie kwa kinywa yangu, usikae ukifikiri mambo yameisha."

Nilitaka kusema kitu. Aliinua mkono kidogo, kunisaidia nisiseme. Akavaa viatu vyake mlangoni, akaniaga vizuri, akaondoka polepole kwa sababu ya kifua.

Mara hii nilimwamini.